Chai ya Kupooza Injini

Siku ile pale Kitai tulikuwepo muuza magari, mzee wa Mpepai na mkewe, mimi niliyekuwa nikisubiri basi, na mtoto wangu mgongoni. Tangu kahawa ianze kununuliwa na watu binafsi, kila mkulima anataka pikapu. Mzee alikuja na fedha yake yote ya msimu kununua moja iliyotumika.

Muuzaji akawasha pikapu nyeupe; ikanguruma mara moja. Mzee akaizima, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Mwanangu, gari lako lina homa."

"Ni jua tu, baba."

"Basi tunywe chai, jua lipungue."

Birika la chai likaletwa, na mzee akauliza habari za watoto, za mvua, za wakwe. Kila mara muuzaji alipotaka kuinuka, mke wa mzee alisema kwa upole, "Ongeza kikombe. Hatuna haraka."

Mwishowe muuzaji akacheka chinichini. "Baba, niliipasha moto kabla hamjafika. Ikipoa haiwaki bila kusukumwa. Chukua ile ya kijani. Haina sura, lakini inawaka."

Nimeona watu wakitukanana kwa jambo dogo kuliko hilo. Hawa walimaliza birika.

Msimu huu ile ya kijani ndiyo inayopeleka kahawa ya mzee mjini Mbinga.