Vituo Kumi na Kimoja vya Treni ya Mkonge

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi treni ya mkonge iliondoka Kwamndolwa ikiwa na abiria kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo reli ile nyembamba ilibeba majani ya mkonge tu, kuyapeleka kiwandani karibu na mji wa Korogwe. Shamba la mkonge lilipotaifishwa, mkutano wa tawi la chama uliamua kwamba reli ya wananchi ibebe wananchi.

Dada yangu alipanda na madebe mawili ya nyanya zilizoiva. Mnunuzi wake wa Tanga angeondoka na lori sokoni Korogwe saa mbili kamili. Mimi ndiye niliyemshauri aache basi. Nilikuwa nimeipima safari ya majaribio kwa saa yangu ya mkono: dakika thelathini na tano. Sikuzingatia kwamba majaribio yalifanyika kabla ya mkutano kupanga vituo.

Mpango wa kwanza ulikuwa na vituo viwili. Balozi mmoja wa nyumba kumi akasimama, akauliza kama watu wake wao hawakupata uhuru. Mabalozi wengine nao wakadai vituo vyao. Tulipomaliza, kila balozi alikuwa na kituo mbele ya mlango wake, jumla kumi na kimoja, na treni isingeondoka mpaka balozi athibitishe kwamba hakuna mtu wake aliyeachwa. Azimio lilipita bila kupingwa. Mkono wangu pia ulikuwa juu.

Kituo cha saba tulimkuta balozi anapiga mswaki.

"Mzee, tunachelewa!" dada alimwita.

"Shikamoo kwanza, binti."

"Shikamoo. Nyanya zangu zinaoza humu."

"Marahaba. Nyanya ni zako, treni ni yetu sote. Mama watoto anafunga mzigo."

"Mzigo gani huo, mzee, anahama?" abiria mmoja akauliza. Watu wakacheka, isipokuwa dada. Madebe mawili yasingebebeka kichwani, kwa hiyo hata kushuka hakuweza.

Tulifika saa tatu na robo. Lori lilikuwa limekwenda. Mwenye mgahawa alizichukua nyanya zote kwa shilingi sita, akisema zimepondeka. Mnunuzi wa Tanga angetoa ishirini na nne.

Dada hakunilaumu. Alisema tu nipige hesabu mimi, kwa kuwa ndimi mjuzi wa hesabu. Hasara shilingi kumi na nane. Toa nauli ya basi aliyookoa, senti hamsini. Ikabaki shilingi kumi na saba na senti hamsini.