Mishale ya Chaki Kando ya Ziwa

Mwaka jana, kwa siku kumi na tatu nzima, niliamini kuna mwanamke ananipenda kwa siri.

Ushahidi wangu ulikuwa chini kwenye lami, umeandikwa kwa chaki.

Naisimulia mwenyewe kwa sababu mke wangu ana saluni, na ameniambia nisipoisimulia mimi ataisimulia yeye. Akiisimulia yeye, nitalazimika kuhama mji.

Mimi nafundisha watu udereva. Miaka kumi na sita nimekaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki yangu ya ziada, nikisema "taratibu, taratibu." Mtaani kote naitwa Mwalimu. Hata mke wangu akikasirika ananiita Mwalimu.

Sasa kazi ya kukaa ina malipo yake, nayo ni kitambi. Daktari alinipima presha, akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akarudi kwenye karatasi.

"Unatembea?"

"Naendesha."

"Anza kukimbia."

Nikanunua viatu, nikaanza.

Kwa njia za kukimbilia, kwetu tumebarikiwa. Unashuka mteremko hadi kwenye bustani kubwa ya mji, ile yenye miti mirefu ambayo chini yake hata saa sita mchana kuna ubaridi. Njia ni moja tu, inakutoa upande wa pili, ziwani.

Si ziwa kubwa. Kulizunguka ni kilomita nne na nusu. Kwenye pembe moja kuna daraja la mbao, na hapo njia inagawanyika. Kulia unaendelea kulizunguka ziwa. Kushoto unafuata kijito, unapita kwenye manyasi yanayokuzidi kimo, halafu ghafla bahari hii hapa, mchanga mgumu na upepo wa chumvi usoni.

Wiki ya kwanza sikuona uzuri wowote. Niliona nyota.

Wiki ya tatu nikaanza kuinua kichwa. Ukungu umelala juu ya maji, ndege weupe wamejipanga kwenye mti mkavu kama wanasubiri kuitwa majina. Nikajikuta naamka kabla ya simu kunililia. Nikasogeza muda, nikawa natoka saa kumi na mbili kasorobo, kabla mfagiaji wa bustani hajapita na maji yake.

Ndipo nikakuta mshale wa kwanza, kwenye mlango wa bustani. Umechorwa vizuri, kichwa chembamba, mkia umenyooka. Kando yake, kwa mwandiko wa kike uliotulia:

"Mwalimu, huku."

Nikasimama. Nikaangalia nyuma, nikaangalia mbele. Hakuna mtu.

Mbele kidogo, mwingine. "Vizuri, Mwalimu."

Ziwani, mwingine. "Usichoke."

Jamani, mimi nina miaka arobaini na saba. Mara ya mwisho kuambiwa "vizuri" nilikuwa napaki gari kinyumenyume. Kichwa kikavimba.

Darajani mshale ulipinda kushoto, kuelekea baharini. Kwenye manyasi, ambako chaki haishiki, kulikuwa na vitambaa vyekundu vimefungwa kwenye vijiti.

Niliufuata kidogo tu, nikageuka, nikarudi kwa upande wa pili wa ziwa. Na kila siku nikawa nafanya hivyo hivyo. Nilijisemea ni pumzi haitoshi. Ukweli ni kwamba nilijua mwisho wa mishale ile kuna mtu. Sikutaka kufika. Nilitaka tu kualikwa.

Nikaanza kunyoa ndevu kabla ya mazoezi. Siku ya saba nikajipulizia manukato.

Mke wangu akafungua jicho moja kitandani.

"Unaenda kukimbia au kuposa?"

"Usafi ni sehemu ya afya."

Akalifunga jicho. Lakini mwanamke akifunga jicho moja, usidhani amelala.

Siku ya kumi na mbili alirudi kutoka saluni, akaweka mkoba mezani, akakaa mbele yangu.

"Mteja wangu anasema jina lako limeandikwa ziwani. Kila asubuhi."

Mtu mwenye akili angekana. Mimi nilitabasamu.

"Sasa mke wangu, nifanye nini? Watu wananipenda."

Akanitazama muda mrefu, kama anavyotazama nywele zilizoungua.

"Kesho ufute."

"Nifute nini?"

"Yote. Na huyo mtu umjibu, aelewe."

Kesho yake nilitoka na chupa mbili za maji na kipande cha chaki, ile ninayochorea njia panda darasani. Kila mshale niliumwagia maji, nikausugua kwa soli ya kiatu. Vitambaa nikavifungua, nikavitia mfukoni. Darajani, pale njia inapogawanyika, nikafuta kabisa mpaka lami ikawa nyeusi. Halafu nikaandika kwa herufi kubwa:

NIMEOA.

Nikarudi nyumbani kifua mbele, vitambaa nikavihamishia mfuko wa suruali ya kazi nikavitupe mjini. Mke wangu akanikaangia mayai mawili. Mwanamume mwaminifu anastahili.

Saa tatu kasorobo nilikuwa kazini. Mwanafunzi wangu wa asubuhi ile alikuwa mkunga anayekaribia kustaafu, mama mtulivu ambaye amepokea nusu ya watoto wa mji huu lakini akiona taa za barabarani anatetemeka. Tulikuwa tunapita polepole barabara inayopakana na bustani.

Mwanamke mwenye baiskeli akakatiza mbele yetu. Nikakanyaga breki yangu.

Alikuwa mtu mzima, nywele zimeanza mvi, sketi imelowa hadi magotini, mchanga umemganda miguuni. Akaja dirishani kwangu akihema.

"Kaka, namtafuta Mwalimu."

Nikajua ndiye huyu. Nikateremka nikafunga mlango, mkunga asisikie, nikaongea kwa upole kama mtu mwenye huruma.

"Dada yangu, Mwalimu ni mimi. Ujumbe wako niliupata. Lakini nina mke, na nampenda."

Akanitazama. Nadhani kwa sekunde moja alifikiri mimi ni mgonjwa.

"Kaka," akasema taratibu, "namtafuta mume wangu."

Maneno yakamtoka haraka haraka. Mumewe alifundisha jiografia miaka thelathini na mbili, na amekimbia maisha yake yote. Miaka mitatu sasa kumbukumbu zinamtoroka. Jina lake mwenyewe halimshtui tena, lakini ukimwita Mwalimu anageuka. Miguu haijasahau kitu. Asipokimbia anazunguka ndani ya nyumba kama kuku aliyefungiwa, na hataki kusindikizwa. Anasema yeye si mtoto.

"Kwa hiyo natangulia kwa baiskeli alfajiri, namchorea njia. Saa kumi na mbili na robo binti yetu anamfunga kamba za viatu, anamfungulia mlango. Mimi namsubiri ufukweni na chai. Leo hakufika. Nikadhani amenipita, nikamtafuta pwani yote. Kurudi darajani, mishale hakuna. Kuna mtu amefuta. Ameandika sijui NIMEOA."

Nikashika mlango wa gari.

Niseme ukweli, pale sikukiri. Nilisema tu, "Nitakusaidia kumtafuta."

Mkunga alikuwa ameshusha kioo chake na kusikia kila neno. Akanitazama tu, kama mtu aliyekwisha kujua nani alifuta.

"Nenda, Mwalimu," akasema. "Mimi na mama tutasubiri darajani."

Nikakimbia na suruali yangu ya kazi, soksi nyembamba na viatu vya ngozi. Nilikatiza bustanini chini ya miti ile niliyokuwa naipenda, na sikuona hata jani. Nikafika ziwani, nikawa natazama maji badala ya njia. Unaelewa nilikuwa natafuta nini.

Kwenye kibanda kimoja nikamkuta mvuvi wa ndoano. Nikamuuliza kama amemwona mzee anayekimbia.

"Yule mwenye fulana ya bluu? Amepita hapa mara nne. Nimempungia mkono. Yule mzee ana pumzi."

Mara nne.

Hapo nikaelewa. Mzee alifika darajani, akatafuta mshale, hakuuona. Akafanya alichoweza, akalizunguka ziwa aje kuutafuta tena. Hakuuona. Akazunguka tena. Tangu saa kumi na mbili na nusu. Na nani angeshtuka? Watu walimwona mzee mwenye afya anafanya mazoezi.

Nilimkuta upande wa mbali. Alikuwa hakimbii tena sawasawa, anajivuta, fulana imelowa mgongoni, kisigino kimoja kimechubuka na soksi imeingia damu. Midomo mikavu. Lakini uso umekaza.

"Shikamoo, mzee. Simama upumzike."

"Marahaba. Sijaona mshale."

"Mkeo anakusubiri darajani. Twende polepole."

"Sijaona mshale," akarudia, akanipita.

Nikamshika mkono. Akauchomoa kwa nguvu ambayo sikuitegemea, na macho yake yakajaa woga. Nikaona nikimlazimisha tutaishia majini.

Nikakimbia mbele yake. Naongea habari ya mtu mwenye kitambi na viatu vya ngozi. Nikampita hatua ishirini, nikaokota kijiti, nikapiga magoti kwenye udongo laini, nikachora mshale. Kando yake nikaandika: "Mwalimu, huku."

Akafika. Akasimama. Kifua kinapanda na kushuka. Akauinamia mshale wangu kama anasahihisha daftari.

"Nani kachora huu?"

"Mimi, mzee."

"Kichwa kikubwa," akasema. "Mkia mfupi. Rudia."

Nikarudia. Mbele kidogo nikachora mwingine, na mwingine. Yeye nyuma, anatembea sasa, ananisahihisha. Tulikwenda hivyo mpaka darajani, mimi napiga magoti kila hatua kumi na tano. Kwenye mshale wa mwisho aliniambia nimeanza kuelewa somo.

Mkewe alimpokea kwa mikono miwili. Hakulia. Alimpangusa uso kwa ncha ya kitambaa chake, akamwambia, "Leo umekimbia mbali, Mwalimu." Mkunga akamkalisha, akamnywesha maji kidogo kidogo, akaanza kumsafisha kisigino.

Mimi nilisimama pale, miguu juu ya neno NIMEOA, nikijaribu kulifunika. Lakini herufi nilikuwa nimeziandika kubwa mno. Nikatoa vile vitambaa vyekundu mfukoni, nikampa yule mama.

"Ni mimi niliyefuta. Nilidhani unaniandikia mimi."

Alivitazama vitambaa, akanitazama mimi, kitambi changu, magoti yangu yenye matope. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini darajani, na katikati ya kicheko kilio kikaja, akalia kweli kweli. Nikakaa naye.

Alipotulia alisema, "Angekufa."

"Najua."

Nyumbani nilimweleza mke wangu kila kitu, hadi ile sehemu ya "nina mke, na nampenda." Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akavaa viatu.

"Nipeleke kwao. Mimi ndiye niliyekwambia ufute."

Tulikwenda wote wawili, tukaomba radhi. Nikajitolea: siku mbili kwa wiki nichore mimi, mama apumzike.

"Hapana," akasema. "Samahani, kaka, bado sikuamini."

Nilikubali, kwa sababu alikuwa na haki. Kwa mwezi mzima nikawa nakimbia hatua mia moja nyuma ya mzee, bila kusema neno, bila kugusa chochote, mpaka ufukweni. Hapo ndipo nilipoijua njia ile hadi mwisho wake: manyasi yanavyoinama, kijito kinavyopanuka, bahari inavyojitokeza. Yule mama alinipa kikombe cha chai siku ya kumi na nane. Kabla ya hapo alikuwa ananipa salamu tu.

Halafu alfajiri moja simu ya mke wangu ikalia. Ni yule mama, ana homa, sauti haitoki.

"Mwambie mumeo achore," akasema. "Na asiandike upuuzi."

Nilichora. Mke wangu alinishikia tochi na kukagua kila mkia. Kisha tukakaa mchangani na chupa ya chai, tukitazama njia. Saa moja na dakika kumi fulana ya bluu ikatokea kwenye manyasi.

Mpaka leo Jumanne na Alhamisi ni zamu yangu, Jumamosi ni ya mke wangu. Mkunga alipata leseni yake, na Jumapili anapita kuangalia vile visigino. Mzee bado hanijui. Kila siku tunafahamiana upya, na kila siku ananiambia nipunguze tumbo.

Sasa mafunzo, maana najua mnayasubiri.

La kwanza ni letu sisi wenye vichwa vyepesi kuvimba: mambo mengi mazuri unayokutana nayo njiani hayakuhusu, na hilo si tusi. Yapite kwa heshima.

La pili ndilo zito. Kabla hujafuta kitu usichokielewa, uliza kwanza kinamsaidia nani. Kinachokuudhi wewe huenda ndicho kinachomfikisha mwenzio nyumbani.

Yule mama alimwambia mke wangu kuwa Alhamisi ya kwanza ya zamu yangu, baada ya kupona homa, aliamka saa mbili. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani, limefika kitandani. Alisema miaka mitatu alikuwa hajaliona pale, akalala tena.