Kompyuta Aliyoijenga Kaka Shomari

Enzi zetu pale Temeke, kompyuta ulikuwa unaiona ofisini tu, imefunikwa kitambaa isiingie vumbi. Ya kwetu aliileta baba. Kiwanda alichokiendeshea malori tangu ujana kilibinafsishwa, yeye akapunguzwa, na siku ya kuagwa wakampa kompyuta kuukuu iliyokuwa inangoja kutupwa. Akaibwaga kona ya sebule, akakaa kibarazani, akanyamaza. Mama akimsemesha, anajibu kwa kichwa. Sie watoto tukajifunza kutembea kwa kunyata.

Kaka yangu Shomari, aliyekuwa akijifunza ufundi redio Manzese, ndiye aliyethubutu.

"Baba, naweza kuifungua?"

"Ifungue. Kwani inafaa nini?"

Akaanza kuijenga upya. Kila akipata kibarua, anapitia Kariakoo, anarudi na kitu kimeviringishwa kwenye gazeti: leo memori, siku nyingine kadi ya picha, mara mashine ya kusomea sidii. Ikawa inachemka, akaivua ubavu, tukaielekezea feni ya mezani. Spika kubwa alizing'oa kwenye redio iliyokufa. Mama akipita anasema, "Itatuchomea nyumba hiyo, mie nakwambia."

Jumapili moja alasiri ikawaka, na mchezo wa mbio za magari ukaanza kunguruma mpaka vikombe kabatini vinalia. Watoto wa mtaa wakajaa madirishani. Baba akaingia amekunja uso, anataka sauti ipunguzwe, akakuta gari la Shomari limevaa ukuta.

"We, kona inakatwa hivyo? Hebu nipishe!"

Akakaa. Kona ya kwanza tu, naye akavaa ukuta. Akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Tangu hapo jioni tulitandika mikeka, majirani wakaja kutazama filamu za Kihindi, baba akiwa mbele, anawanyamazisha wengine huku yeye ndiye anayepiga kelele. Haukupita muda akanyoa ndevu, akatoka kwenda kutafuta kazi ya udereva. Akaipata.

Wanangu leo kila mmoja ana simu yenye nguvu kuushinda mtambo ule, na bisibisi hawaijui. Wanacheza na watu wa nchi za mbali, vizibo masikioni, nyumba kimya. Siwalaumu, ndio dunia yao. Ila chakula kikiwa tayari inabidi niwapigie simu, nao wako chumba cha pili.