Bega la Kushoto la Mkombozi

Mkombozi alininyang'anya cherehani. Naanza na hilo kwa sababu tangu afariki watu wanasema mengine tu.

Ulikuwa mwaka wa pili wa mapinduzi. Alisimama uwanjani akatangaza kwamba vyombo vyote vya kazi sasa ni mali ya umma. Kesho yake wanaume wawili wakaja kubeba cherehani yangu, wakaipeleka ofisi ya chama. Na koti alilovaa akitangaza nilikuwa nimelishona mimi. Alipoinua mkono juu, wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia kwapa, kama mshono utashika. Ulishika.

Shule sikwenda, kwa hiyo vipimo vya wateja niliviweka kwenye uzi: fundo la kifua, fundo la mkono, fundo la urefu, kila mteja na uzi wake. Wa Mkombozi ulikuwa mwekundu, na ulikuwa na fundo la ziada, maana bega lake la kushoto lilishuka vidole viwili. Nililiinua kwa pamba. Nchi nzima ikamwona amenyooka kama mlingoti, nami nikanyamaza.

Cherehani ilipoondoka nikabaki kutia viraka kwa mkono, miaka kumi na tisa. Vidole vyangu sasa vimejikunja kama tangawizi.

Majuzi alipofariki, katibu wa chama akapiga hodi. Wifi yangu, ninayekaa naye, alikuwa hajanyamaza kulia tangu asubuhi.

"Mama, tunahitaji koti la kumzikia," katibu akasema. "Amekonda, ya zamani yanampwaya. Fundi wetu kajaribu jipya, limekaa upande."

"Limekaa upande kwa sababu mwenyewe yuko upande."

Wifi akafuta macho. "Wifi, mstahi marehemu. Zahanati yake nimezalia watoto wanne, sikudaiwa hata sabuni."

"Sijakataa. Mimi mwenyewe kusoma nimejifunzia darasa lake la watu wazima. Unajua karatasi ya kwanza niliyoisoma? Stakabadhi ya cherehani yangu. Imeandikwa nimeitoa kwa hiari."

Katibu akakohoa. Nikamwambia kwa mkono sitamaliza kabla ya maziko, walete cherehani.

Wakaileta. Nilipofunua turubai nikaona alama ya pasi kwenye meza yake, pale nilipoiunguza wiki ya harusi yangu. Ilikuwa ileile. Hata gurudumu lililia palepale linapolia siku zote, na mimi nusura nilie nalo.

"Mabega yanyooke kama kwenye picha," katibu akasema, "na cherehani hii hairudi tena ofisini."

Nikatoa uzi mwekundu, nikapunguza kifua kwa kuwa amekonda, nikakata, nikashona. Nilipofika begani nikashika pamba, nikakaa nayo mkononi. Niliwaza watoto wanne wa wifi, wazima wote. Niliwaza vidole vyangu. Mtu huyu nilishamfichia bega lake mara nyingi, na hivyo ndivyo alivyonishukuru. Nikairudisha pamba kikapuni. Sikutaka kumkomoa, nilitaka azikwe na mwili wake. Nikalishusha bega vidole viwili, na kati ya makoti yote niliyomshonea, hilo ndilo lililomkaa vizuri.

Siku ya kuaga, bibi mmoja mbele yangu alimtazama kwa muda, akanong'ona, "Kumbe alikuwa na bega kama la mume wangu." Akalia kuliko wote. Wifi naye alilia, akaniambia koti zuri.

Katibu alilikazia macho lile bega, akaondoka. Jioni wakaja wanaume wawili.

"Tulikuazima tu, mama," wakasema, wakaibeba cherehani.

Marehemu simdai tena. Mimi na yeye tulimalizana kwenye lile koti. Ninayemdai ni katibu. Namdai cherehani nyeusi yenye alama ya pasi, iliyofunikwa turubai kwenye chumba cha nyuma cha ofisi yake, na stakabadhi nyingine, isiyosema kwa hiari. Sasa najua kusoma.