Balozi Wangu kwa Mama Mkwe

Nilipochaguliwa kwenda chuo kusomea uhusiano wa kimataifa na lugha za kigeni, mama yangu mzazi alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe? Wewe uliyegombana na mchungaji siku ya ubatizo wako?"

Nikakasirika, nikatoka nje nimebamiza mlango. Hoja yake nikawa nimemthibitishia mwenyewe.

Sibishi, nina mdomo. Soko la Kibondo wananijua: ukinipimia maharage kwa kopo lililobonyezwa kitako, utanisikia, na wenzako wa upande wa mitumba watanisikia pia. Kozi hiyo niliijaza kwa sababu ya utoto wangu. Wageni walikuwa wakishuka kwenye magari meupe kwenye kambi ya wakimbizi, wanaongea na mkalimani, mkalimani anaongea na watu. Nikaona kazi ya mkalimani ni nzuri mno. Unaongea kutwa nzima na hakuna anayekwambia nyamaza.

Shida ilikuwa mtoto. Alikuwa wa miaka miwili, ameacha ziwa, lakini huwezi kumpeleka mtoto bwenini. Mama yangu, kule Busunzu, alikuwa anamuuguza baba, hawezi kulea. Akabaki mama mkwe wangu, mjane anayeishi Nyakitonto. Akikataa yeye, chuo hakuna. Na dirisha la kuthibitisha nafasi lilikuwa karibu kufungwa.

Nikamwambia mume wangu akaongee na mama yake. Mume wangu ni dereva wa lori la mazao, haogopi mteremko wala trafiki, lakini mama yake anamwogopa.

"Kamwambie mwenyewe," akasema. "Si ndiyo unayokwenda kusomea, kuongea na watu?"

Basi nikaenda mwenyewe. Familia ya mume wangu ni ya asili ya Burundi, na kwao ombi zito haliletwi na mwenye shida. Linaletwa na msemaji, tena na pombe ya ndizi, na halitajwi mpaka pombe ionjwe. Sisi Waha tuna mambo hayo hayo, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Ila mimi nimeokoka, pombe sigusi, na nilikuwa na cheti cha kidato cha sita. Nikajiona msomi. Nikabeba kreti ya soda.

Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage uani. Sikungoja hata amalize kuniuliza habari za nyumbani.

"Mama, nimepata chuo. Naomba ubaki na mtoto."

Akaendelea kupepeta. "Umetumwa na nani, mukazana?" Mukazana ndiyo mkwe wa kike, kwa Kirundi.

"Sijatumwa. Nimekuja mwenyewe."

"Basi mimi sijasikia kitu." Akaitazama kreti. "Na hizi ni za nini? Soda ni ya mgeni na ya mgonjwa. Nani anaumwa hapa?"

Nikamweleza kozi yenyewe, nikidhani hajaelewa. Mataifa, mikataba, Kifaransa.

"Mataifa mimi nimeyaona," akasema. "Niliyavuka nikiwa na sufuria kichwani. Hakuna aliyenipa digrii."

Hapo ndipo mwanadiplomasia mtarajiwa alipolipuka. Nilisema ana roho ngumu. Nilisema mtoto nitampeleka Busunzu kwa mama yangu, na hatamwona tena. Ilikuwa uongo mtupu, sote wawili tulijua, lakini kumtishia bibi kwamba mjukuu atahamia ujombani si jambo la kusema hata kwa uongo. Akainua ungo wake, akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Nikarudi Kibondo na kreti yangu.

Mama yangu alipopata habari hakucheka. "Mtafute mshenga wako," akasema. "Aliyekuingiza kwenye ile nyumba ndiye atakayekusemea."

Mshenga wetu ni fundi baiskeli pale Kibondo. Nilikuwa simpendi, kwa sababu siku ya mahari aliwaambia wakwe kwamba mimi ni mpole. Nilimkuta amepiga magoti anaziba tairi. Akanisikiliza bila kuinua macho.

"Ulikwenda na soda," akasema.

"Ndiyo."

"Na mdomo wako."

"Ndiyo, baba."

"Katafute pombe. Wewe mwenyewe, usimtume mtu."

Nikaenda kwa mpika pombe na dumu la njano, kitenge nimekishusha usoni kama mwizi. Natoka tu, nikakutana na mama mmoja mzee wa kanisa letu.

"Bwana asifiwe, binti."

"Amina, mama," nikasema, na dumu likatoa sauti yake tumboni: blu, blu, blu. Alinitazama kama mtu anayechagua siku ya kuniombea.

Tulipofika Nyakitonto, mshenga alinipa sharti moja: nikae jikoni, nisitoe neno hata nyumba ikiungua. Yeye na mama mkwe wakakaa sebuleni na mirija yao. Waliongelea mvua. Waliongelea bei ya maharage. Waliongelea goti la mama mkwe, na mimi jikoni nachochea moto usiopika kitu. Mwishowe nikasikia natajwa.

"Mama, huyu mukazana wako ana mdomo."

"Anao."

"Mimi nilipokuja mara ile nilisema ni mpole. Nilidanganya, nisamehe."

Wakacheka wote wawili, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sasa serikali inautaka mdomo huo ukawakemee Wazungu. Sisi tuuzuie ubaki kukukemea wewe?"

Nikasikia mrija ukivutwa.

"Atarudi?" mama mkwe akauliza. Sauti yake haikuwa ile ya uani. "Wanaokwenda kwenye mataifa hawarudi. Mimi kwetu sikurudi."

"Atarudi. Kila likizo atakuja kukulimia."

Kulima! Hakuniuliza! Nikang'ata kitenge changu mpaka meno yakakutana.

"Na mtoto mwingine?"

"Akimaliza chuo tu, utamshika."

Niling'ata tena. Yule mzee aliingia humo na ombi moja, akatoka na ahadi mbili ambazo mwenyewe sikuzitoa, na bado akataka nimshukuru. Nikamshukuru. Mama mkwe alikuja jikoni akanikuta na mdomo umejaa kitambaa.

"Mlete Jumamosi," akasema. "Jembe lako nimeshalitia mpini."

Sasa niko mwaka wa kwanza. Nimejifunza kusalimia kwa Kifaransa, na wenzangu waliosoma shule za mjini wanasema nasalimia kama ninayedai mtu. Jumapili napiga simu Nyakitonto. Mtoto hataki kuishika; namsikia kwa mbali akifukuza kuku. Anayeongea ni bibi yake.

"Anasema ameshakula."

"Kasema yeye, mama?"

"Nimesema mimi. Yeye ana shughuli."

"Muulize kama ananikumbuka."

Nikasikia anamuuliza. Mtoto akajibu kitu kirefu, kirefu kuliko chochote alichowahi kuniambia mimi, lakini mtandao ulikatakata, sikupata hata neno.

"Anasema nini?"

"Anasema usome."

Mtoto wa miaka miwili na nusu! Nilifungua mdomo nibishe. Nikaufunga, nikauliza kama mvua imeanza huko.