Pete Niliyoikataa Kwa Sababu Imekatwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo damu hunichemka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilisimama ndani ya duka la sonara hapa Busia, kwenye ile barabara ya kwenda mpakani, nikaikataa pete nzuri kwa sauti ya juu, watu wote wakinisikia, kwa sababu muuzaji aliniambia kwamba almasi yake imekatwa vizuri.

Nakusimulia haya kwa sababu ya ile video uliyonitumia juzi. Pete inazunguka juu ya kitambaa cheusi, taa zinaimulika kutoka kila upande, muziki unalia, na chini yake umeandika, "Shangazi, unaionaje?" Sikukujibu. Niliiweka simu kando nikaenda kuchambua maharagwe, na nikayachambua kwa hasira mpaka mazuri nayo yakaenda kwa kuku. Si wewe uliyenikasirisha. Ni zile taa. Miaka yote hii imepita na bado wanatumia hila ileile, ila sasa wameiongezea ngoma.

Mama yangu, yaani bibi yako mzaa baba yako, unajua aliuza vitenge sokoni. Ulimkuta akiwa mzee, miguu imemchoka, lakini mimi nilimjua akiwa na nguvu zake. Akina mama kutoka upande wa Uganda walikuwa wakimletea mzigo asubuhi, na hakuna nguo aliyoinunua kabla ya kuitoa mlangoni. Hakuipeleka juani, maana alisema juani kila nguo inapendeza. Hakuiangalia ndani ya kibanda, maana mle kila nguo inajificha. Alisimama palepale mlangoni, kwenye kivuli, akaikunjua, akaigeuza, akaitazama kimya. Hata wenye mzigo wakinung'unika kwamba anawachelewesha, hakusogea.

Jambo la pili nililokua nalo pale kibandani ni hilo neno, kukatwa. Kitenge kizima kina yadi sita. Kikipunguzwa, tunasema kimekatwa, na kilichokatwa huwekwa kwenye rundo la chini, kinunuliwe na mtu anayetaka kitambaa cha kichwa au cha kubebea mtoto. Hakuna bibi harusi anayepelekewa kitenge kilichokatwa. Ukimpelekea, shangazi zake watakurudishia mlangoni na maneno juu yake. Kwa hiyo mimi tangu utotoni nilijua kwamba kilichokatwa ni cha mtu ambaye hajathaminiwa.

Sasa mjomba wako Ekisa. Wewe unamjua kama mzee mpole anayesinzia akisikiliza redio. Wakati ule alikuwa kijana wa Moding mwenye mabega, na alikuwa na maksai wawili aliowafundisha kuvuta plau yeye mwenyewe. Akimaliza shamba lake aliwalimia majirani. Hao maksai ndio walikuwa mikono yake. Tulipokubaliana kuoana, mimi nikasema nataka pete ya almasi. Nilikuwa nafanya kazi ya mapokezi katika loji ndogo kule Malaba, na kila Jumapili kanisani nilimwona mke wa tajiri mmoja wa kutoa mizigo ya watu forodhani mpakani akiinua mkono kuimba, na mkono ukiinuka, pete inawaka. Mimi wimbo sikuusikia. Niliuangalia ule mkono.

Ekisa hakubisha. Alisema atamuuza maksai mmoja, yule mkubwa, kisha atafundisha fahali mchanga avute pamoja na huyu aliyebaki kabla mvua hazijaanza. Mpango mzuri kabisa, wa mtu anayefikiri. Tukaenda dukani tuchague kwanza, tujue bei.

Mwanangu, lile duka! Sakafu ya vigae, feni inazunguka, askari mlangoni amevaa kofia. Kwenye dari walikuwa wamepanga taa ndogondogo nyingi, na ndani ya makabati ya vioo zingine, na nyuma yake vioo vya kujitazama, kwa hiyo ukiweka hata kizibo cha chupa mle ndani kingemetameta. Muuzaji alikuwa mwanamume nadhifu, vidole laini. Alitoa pete moja ndogo, akaishika kwa ncha za vidole.

"Madamu, hii ni ndogo, lakini imekatwa vizuri sana. Ona."

Nilihisi uso umepata moto. Nilidhani ameniangalia viatu vyangu akaamua kunipa cha rundo la chini.

"Kwani hapa mnauza vipande?" nikamwambia. "Mimi si mtu wa kupewa kilichokatwa. Nataka nzima."

Yule mtu akanyamaza. Hapo ndipo penye uchungu wangu wote, katika kule kunyamaza kwake. Alinitazama, akaelewa kabisa nimekosea wapi. Angeniambia, "Dada, kukata almasi si kuipunguza kama kitambaa, ni kuichonga," na mambo yangeisha kwa dakika moja. Badala yake akatabasamu.

"Sawa madamu. Kama unataka nzima, iko. Hii hawakuikatakata sana."

Akatoa nyingine, kubwa karibu mara mbili. Na chini ya zile taa iliwaka! Aliichezesha kidogo, hakuiacha itulie hata mara moja, na kila ikicheza inarusha cheche. Mimi nikaona ule mkono wa kanisani, na safari hii ulikuwa wangu.

Ekisa, ambaye alikuwa amekaa kibandani kwa mama mara kadhaa akaona vile anavyofanya, akasema taratibu, "Si tutoke nayo hapo kwa mlango tuione vizuri?"

Nilimkanyaga mguu. Ndiyo, mimi. Nilimkanyaga kwa kisigino, nikamnong'oneza, "Wacha ushamba. Hapa si soko ya vitenge. Unataka huyo soja atucheke?" Akanyamaza. Bei ya ile kubwa ilihitaji maksai wote wawili. Wiki iliyofuata aliwapeleka mnadani wote, akarudi na kamba mkononi.

Niliivaa pete nikaenda nayo sokoni kumwonyesha mama. Nilifika nikitembea na mkono mbele kama mtu aliyeungua. Mama aliivua kidoleni, akatoka nayo mpaka mlangoni, kwenye kile kivuli chake. Akaitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitenge chochote.

"Nabwire," akaniita. "Hii ndiyo imekula ng'ombe wa watu?"

Nikasogea. Kwa mara ya kwanza niliiona pete yangu bila taa. Pembeni palikuwa na mng'ao kidogo, lakini katikati palikuwa na giza, doa limekaa pale kama jicho la samaki aliyelala siku mbili. Niliigeuza huku na huku. Doa halikuondoka.

"Mliitoa nje mkaiona?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

Akalisoma jibu usoni pangu. Mama yangu hakuwa mtu wa kelele. Siku hiyo alisema kwa sauti ya chini, na heri angenipiga. "Hiki kivuli kimekulisha na kukusomesha. Umeingia kwa watu wa taa, ukaona haya kwa sababu ya hiki? Basi mimi ndiye umenionea haya. Usiniambie ni pete."

Alifunga kibanda, jambo ambalo hakulifanya hata akiumwa, akajifunga kitenge kiunoni, tukaenda wawili mpaka kwa sonara. Askari akataka kumuuliza anatafuta nini. Mama akampita kama mtu anayepita nguzo. Akamwambia muuzaji alete ile pete ndogo, aiweke mkononi mwangu pamoja na ile kubwa, tusimame sote mlangoni, na huyo askari wake asimame nasi kama anaogopa tutakimbia. Yule mtu alijaribu kusema sheria za duka. Mama akamwambia, "Basi zima taa zako hizi tuone hapahapa." Muuzaji akachagua mlango.

Mwanangu, ile ndogo niliyoidharau ilikuwa hai. Kivulini, bila taa hata moja, ilikuwa nyeupe na angavu kutoka ukingo hadi katikati. Ile kubwa pembeni yake ilionekana kama kipande cha barafu chafu.

Hapo ndipo yule muuzaji alipotueleza, wakati hakukuwa na faida tena. Almasi ikitoka ardhini ni jiwe tu. Fundi huichonga nyuso nyingi ndogo, na kila uso lazima ukae kwa mshazari wake, ili mwanga ukiingia kwa juu ugonge chini, ugeuke, urudi machoni pako. Ikichongwa vibaya, ikaachwa nene mno chini ili ibaki na uzito, mwanga unaingia na kupotelea ubavuni, na katikati panabaki giza. Hiyo ndiyo maana ya kukatwa vizuri. Na zile taa ndogo za dukani, kwa kuwa ni nyingi na kali, huchokoza cheche hata kwenye jiwe bovu. Unaona cheche, unadhani umeona mwanga.

"Kwa hivyo ulijua," mama akamwambia.

"Mama, hakuna mtu alidanganya hapa," akajibu, na akanyoosha kidole laini kunielekea. "Dada mwenyewe alikataa yenye imekatwa vizuri. Mimi nilimpatia chenye alitaka."

Na kikaratasi kilikuwa kimebandikwa ukutani: kikishauzwa hakirudi. Tukatoka.

Nimewasamehe watu wengi maishani, mwanangu. Huyo bado najaribu. Mwizi akikuibia, angalau anajua yeye ni mwizi. Huyu alilala usingizi mzuri kwa sababu neno la kwanza alilonitamkia lilikuwa la kweli. Aliona mtu anatumbukia shimoni, akampisha njia. Halafu akaniambia nilijitumbukiza mwenyewe, na ubaya zaidi ni kwamba hakukosea.

Nilienda Moding kumwambia Ekisa. Mvua zilikuwa zimeanza. Majirani walikuwa shambani na ng'ombe wao, yeye alikuwa ameinama na jembe la mkono, amelima kipande ambacho maksai wake wangekimaliza kabla ya chai. Nilimweleza yote, neno kwa neno, mpaka lile la vipande. Nilitegemea atapiga kelele. Nilitaka apige kelele.

Akasimama, akaegemea jembe. "Mimi niliona," akasema. "Pale dukani. Ulipogeuka kidogo ukaikinga taa na kichwa, pete ikazima. Ndiyo maana nikasema twende mlangoni."

"Na tulipotoka? Mbona hukuniambia tukiwa njiani? Mbona uliwauza?"

Alikwangua udongo kwenye jembe. "Ulikuwa umefurahi sana," akasema. "Nikaogopa."

Mtu aliyeweza kuwageuza maksai wawili kwa mluzi aliniogopa mimi. Sikujua kama niangue kilio au nishike jembe. Nilishika jembe. Mwaka ule tulipanda nusu ya shamba, tukala nusu ya chakula, na ilimchukua misimu kadhaa kupata maksai wengine. Pete ninayo kidoleni, nilifunga nayo ndoa, na doa lake nalitazama kila nikiosha vyombo.

Kwa hiyo sikiliza, kijana wangu, na usinijibu kwamba siku hizi mambo ni tofauti. Usinunue pete kwenye video. Nenda mwenyewe. Ukifika, mwambie muuzaji aiache ile pete itulie, asiichezeshe, kisha muulize imekatwa vipi, na asipoweza kukueleza ukaelewa, muulize tena; kuuliza mara ya pili hakujamuua mtu. Itoe chini ya zile taa. Itazame mlangoni, kivulini. Itazame chini ya taa ya kawaida kama ile ya ofisini kwenu. Ikinge na kiganja chako uone kama inabaki na uhai. Jua kali lisikudanganye, nalo hurusha cheche kwenye kila kitu. Ukiona giza katikati, irudishe, hata iwe kubwa kama harage. Afadhali ndogo iliyochongwa na fundi aliyejali kuliko kubwa iliyoachwa nene ili ipimwe kwa uzito. Na wakikukatalia kutoka nayo mlangoni, basi wamekwisha kukujibu. Ondoka. Askari akicheka, mwache acheke, analipwa kwa kazi nyingine.

Lakini pete ni jambo dogo. Nenda na huyo msichana unayetaka kumwoa, na umwangalie yeye zaidi ya unavyoangalia jiwe. Akisema kitu kwa sauti ya chini, simamisha biashara yote umsikilize. Na wewe ukiona kasoro, iseme palepale, hata kama uso wake unang'aa kwa furaha. Mjomba wako alinipenda, akanyamaza, na mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza kwa kisigino changu. Tumeishi vizuri, namshukuru Mungu, lakini ilinichukua miaka mingi kumrudishia ile sauti.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe nyumba yenye chakula na watoto wenye afya. Akupe mke utakayeweza kumwambia "hapana" mbele za watu bila kuogopa, nawe uwe mume ambaye naye anaweza kumwambia hivyohivyo.