Uso wa Albertine kwenye Ukuta wa Soko

Albertine Kyabu anauza samaki wakavu katika soko moja la Kamina. Samaki wake hutoka Mulongo, na kila Jumamosi huwauza akiwa amevaa kikwembe, kitenge cha njano chenye michoro ya samaki wa bluu. Alikichagua makusudi. Wateja wanaofika kwa pikipiki kutoka Kaniama hawamuulizi kwa jina, husema tu, "Mama wa kikwembe ya samaki iko wapi?" Kwa miaka tisa hakuhitaji kibao kingine cha biashara.

Mpox ilimkamata msimu wa mvua. Alikaa siku ishirini na tatu katika kituo cha kutenga wagonjwa, na kikwembe alichokuwa nacho ni hicho hicho, kwa kuwa ndicho alichovaa siku aliyochukuliwa. Siku ya nne, uso na mikono vikiwa vimejaa vidonda, mfanyakazi mmoja alimwelekezea simu. Albertine akauliza picha ni ya nini.

"Ni ya dosie ya munganga," akajibiwa.

Akakubali iwekwe kwenye faili lake. Mgonjwa gani angemnyima daktari wake?

Alipona. Magaga yalidondoka, akapewa karatasi inayosema hawezi tena kumwambukiza mtu. Aliporudi sokoni akaukuta uso wake kwenye bango la ukuta wa lango, mkubwa kuliko mlango wa nyumba yake. Chini ya mikono yake yenye vidonda paliandikwa: "Ukiona hivi, kimbilia kituo cha afya," pamoja na namba ya simu. Machoni walikuwa wamempitishia mstari mweusi. Kikwembe cha samaki walikiacha wazi.

Wiki mbili hakuuza hata fungu moja. Watu walisimama mbali, wakamtazama, wakaenda kununua kwingine. Mwanamume mmoja akapaza sauti: "Ah, mama wa afishi! Samaki yako nayo imepona?" Meza za jirani zikaangua kicheko. Zaituni, muuza chumvi ambaye meza yake inagusana na ya Albertine, hakucheka.

"Cheka tu, baba," alimwambia. "Kesho watapiga weye foto, na weye uko mubaya hata bila ugonjwa."

Jumatatu Albertine alikwenda kwenye ofisi ya timu inayohamasisha watu kuhusu ugonjwa huo. Alikuwa na ombi moja: uso wake utolewe ukutani. Msimamizi, Bwana Edmond, alipomwona mlangoni alisukuma kiti chake nyuma mpaka kikagonga kabati. Akasikiliza ombi hilo kutoka huko.

"Mama, macho tulifunika," alisema. "Hakuna muntu anaweza kukujua."

"Patron, wakati niliingia sikusema kitu. Juu ya nini ulirudisha kiti?"

Edmond alisema mabango yanasaidia, na hapo hakudanganya: tangu yabandikwe, wazazi wanawaleta watoto mapema. Alisema yamechapwa na wafadhili, hana ruhusa ya kuyagusa. Kisha akatabasamu na kumwomba arudi Alhamisi apigwe picha nyingine, safari hii akiwa mzima, ili kuwatia wengine moyo.

"Minyi niko mali ya ofisi?" Albertine akamuuliza. "Mikono yangu ilikuwa na vidonda sawasawa. Mungeomba mikono, ningewapa. Uso ilikuwa ya nini?"

Watu waliosoma walipaswa kujiuliza swali hilo kabla ya kutoa simu mfukoni. Mwanamke amelala kwenye hema, haruhusiwi kutoka, anategemea dawa na chakula cha watu wale wale wanaompiga picha. Ndiyo yake ina uzito gani? Na hata hiyo aliitoa kwa ajili ya dosie, si kwa ajili ya lango la soko. Mlipuko wa ugonjwa unaweza kuhalalisha mtu kutengwa siku ishirini na tatu. Hauhalalishi kumdanganya, wala kumnyang'anya wateja wake akisha kupona.

Jumamosi asubuhi Zaituni alishikilia kreti ya soda, Albertine akapanda juu yake na kisu cha samaki. Hakulirarua bango. Alikata taratibu kuzunguka kichwa na kifua, akaacha mikono miwili yenye vidonda, maandishi na namba ya simu. Mkuu wa soko alikuja mbio, akipiga kelele kwamba hiyo ni mali ya serikali.

"Kamata mikono, chef, nimekuachia," Albertine alimjibu bila kugeuka. "Kichwa njo yangu."

Haukupita muda, mama mmoja akasimama mbele ya kilichobaki, akalinganisha vipele vya mkono wa mwanawe na mikono ile ya ukutani, akanakili namba. Siku hiyo Albertine aliuza mafungu mawili.

Jumanne alipokea barua ya wito kutoka serikalini. Anatakiwa kueleza kwa nini ameharibu vifaa vya afya ya umma. Waliombandika ukutani hawajaandikiwa barua na mtu yeyote.